Kufu

Baba yangu Hartwig, aliyevaa soksi nyeusi mguu huu
na ya buluu mguu ule, akaenda kazini vivyo hivyo
miaka thelathini katika ofisi ya reli pale Celle,
hakupata usingizi
bizimu la mwaka kumi na tano
likilala kando ya bastola ya kumi na saba.
"Si kufu yake," alisema,
akashuka ngazi usiku, kuwatenganisha.

Alikuwa mshenga wa chuma na ngozi.
Jumamosi treni ya alfajiri, minadani,
Kassel, Minden, maghala ya baridi yanayonuka nta
na kahawa ya jana,
lenzi mfukoni, kama kadhi anayechungua nasaba:
umezaliwa wapi, mhuri wa nani, mwaka gani?
Shaba yenye moyo wa nikeli
ni ya siku ambazo vita bado vilikuwa gwaride.
Baadaye makombora yaliila shaba yote,
mabizimu yakawa chuma tupu, yakapakwa rangi ya majivu.
Na bastola ya Erfurt haiposwi na bizimu la Bavaria:
taji si moja, kiapo si kimoja.
La Prusia limeandikwa *Mungu yu nasi*,
kwa mduara, juu ya kitovu,
hapo hapo njaa inapoanzia.

Mama alimwuliza siku moja, akifuta sahani,
"Na sisi, Hartwig, mihuri yetu inasomana?"
Baba alikuwa anapuliza vumbi kwenye mshono wa ala.
Hakusikia.
Au alisikia.
Mama alihamia Lübeck kwa dada yake
na masanduku mawili yasiyofanana.

Sasa ni Februari. Baba yuko chini ya theluji,
nami niko darini na Bwana Oelze wa Braunschweig,
glavu nyeupe, pumzi ya mnanaa.
Bastola iko mezani, mtutu umezibwa kwa amri ya sheria.
Anaisoma namba yake kwa kunong'ona.
Anasoma ala. Anasoma kilimi cha bizimu:
kumi na saba, kumi na saba, kumi na saba.
"Chanda na pete," anasema, na macho yanamlegea.
Kisha anageuza mkanda.
"Haya matundu."

Ya kiwandani yamekaa mawili mawili, kama askari.
Mbele yake kuna mengine, jozi tatu,
yametobolewa kwa msumari, yamekwenda upande,
kila jozi imeingia ndani zaidi
kuelekea mwili ambao haukuwepo tena.
"Mtu ameuharibu," anasema Oelze.
Kuna fundi wake Hannover, nta na rangi, hayataonekana.
Anakata euro mia mbili.

Ninachukua kijikaratasi cha baba, kilichofungwa kwa uzi.
Alizoea kuandika kiwanda, mwaka, bei.
Hapa ameandika hivi:
*Majira ya turnipu za ng'ombe. Alikuwa anakonda. Yasizibwe.*

Sikumwambia Oelze habari za Oktoba,
wodi ya tatu, suruali ya baba ikimteleza
kila aliposimama kwenda dirishani,
nami nikautoboa mkanda wake kwa bisibisi ya muuguzi,
tundu moja, wiki iliyofuata jingine,
naye akilitazama kila moja kwa makini,
akipapasa kingo kwa kidole gumba,
kama kitu alichokwisha kukiona mahali.

"Bei haipungui," nasema.
Oelze anavua glavu moja, anaivaa tena.
Anatafuta pa kutazama,
macho yanaangukia miguu yangu:
darini kuna baridi, na katika droo ya marehemu
nilikuta soksi kumi na tisa.
Nyeusi huu.
Buluu ule.